Maswali Yenu: Bundi, tumbusi na sisi tunaojitolea

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kutoka kwa watu walioko kwenye vikundi vya kujitolea, wanaotunza misitu midogo, vinamasi na nyika, na karibu wote wanauliza kuhusu ndege wawindaji: tai, kozi, mwewe, bundi na tumbusi. Nimefurahi sana kwa kweli, maana hawa ndege ndo wa kwanza kupotea mahali pakiharibika na watu wengi hawajui hata kama wamepotea. Nimeyapanga yale yaliyojirudia zaidi.

Swali: Kikundi chetu tumepewa eneo lenye msitu mdogo na kinamasi tulitunze. Tumeshapata mbao za kutengeneza masanduku ya bundi na miche ya kupanda. Tuanze na lipi?

Anzeni na kutembea. Nasema hivyo kwa sababu vikundi vingi vikipata eneo vinakimbilia jembe na misumari siku ileile, picha zinapigwa, kila mtu anafurahi, halafu inakuja kugundulika kwamba palepale walipofyeka ndo palikuwa na kiota. Zungukeni eneo lote asubuhi mapema na jioni, mara nyingi, katika misimu tofauti kama mnaweza, mwone nani anakaa wapi, nani anawinda wapi, maji yanasimama wapi.

La pili ni miti mikubwa na miti iliyokufa. Mti uliokauka umesimama watu wanauona uchafu au kuni, lakini kwa bundi wengi na vipanga wadogo ile ni nyumba, maana wao hawajengi kiota, wanatafuta tundu. Na tai ndo hivyo hivyo kwa upande wa miti mikubwa, jozi moja inaweza kurudi kwenye kiota kilekile miaka na miaka inaongeza vijiti tu, sasa huo mti mkiuacha ukatwe mtapanda miche mia na hamna hata mmoja utakaobeba kiota cha tai kabla watoto wenu hawajawa watu wazima. Kwa hiyo mkilinda mti mmoja wa zamani mmefanya kazi kubwa kuliko wikiendi nzima ya kupanda, hata kama hauna picha nzuri ya kuposti.

Kuhusu miche, naomba mnisikilize vizuri hapa. Pandeni miti ya asili ya eneo lenu na pandeni pale palipokuwa na msitu. Msipande miti kwenye nyika ya majani. Karani tamba, yule ndege mrefu anayewinda nyoka na panzi kwa miguu, anahitaji majani wazi ya kutembea, na tangu mwaka 2020 yuko kwenye orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka, na moja ya sababu ni nyika kugeuzwa kuwa kitu kingine. Kinamasi nacho kiacheni kiwe kinamasi. Kung'oa magugu vamizi na kuzuia moto usiingie msimu wa kutaga ni kazi tosha.

Masanduku sasa. Ni mazuri kama matundu ya asili hayapo, na sio kama pambo. Kwa wale bundi weupe wenye uso kama moyo, sanduku liwe juu, mita 3 au 4 kwenda mbele, mlango usielekee upepo na mvua zinakotokea, na liwe na kina kirefu kutoka tundu hadi chini, angalau sentimita 45, kwa sababu vifaranga wakianza kuchangamka wanapanda hadi mlangoni na sanduku fupi linawaangusha. Tobo dogo chini la kutolea maji. Halafu mnaliacha. Bundi anaweza asiingie mwaka wa kwanza wala wa pili, na kufungua kila wiki kuchungulia ndo njia ya uhakika ya kumfukuza.

Swali: Tumeokota kifaranga cha bundi chini ya mti, kina manyoya laini, hakiwezi kuruka. Tukilishe nini?

Msikilishe kitu, na kama bado mko naye karibu, mrudisheni. Vifaranga wa bundi wengi huwa wanatoka kwenye kiota kabla hawajajua kuruka, wanatembea kwenye matawi, wanadondoka, wanapanda tena kwa makucha na mdomo, na wazazi wapo hapo hapo wanawaangalia na usiku watawaletea chakula. Yaani mara nyingi huyo hajaachwa, mmemchukua. Ile habari kwamba ndege akinusa mkono wa mtu anamkataa mtoto wake sio kweli, mkamateni kwa kitambaa kizito (makucha yake yanauma hata akiwa mdogo) mumuweke kwenye tawi la karibu paka na mbwa wasipofika, muondoke kabisa. Mkikaa pale kuangalia, mama haji.

Kama ana damu, bawa limening'inia, nzi wamemjaa au mzazi wake mmemkuta amekufa, hiyo ni habari nyingine. Sanduku la kadibodi lenye matundu ya hewa, giza, kimya, mahali pa joto la kawaida, na simu kwa idara ya wanyamapori au daktari wa wanyama. Maziwa hapana, mkate hapana, maji ya kumiminiwa mdomoni hapana kabisa, yanaingia kwenye mapafu. Na msikae naye nyumbani wiki mbili mkimpa jina. Kifaranga akilelewa na watu anajiona mtu, hatajua kuwinda wala hatajua kutafuta mwenzake, na katika nchi nyingi kumfuga bila kibali ni kosa la jinai hata kama nia yako ilikuwa nzuri.

Swali: Watu wa huku wanaamini bundi analeta kifo, wakimwona wanampiga mawe. Tukiwaambia ni imani potofu wanakasirika. Tufanyeje?

Msiwaambie ni imani potofu. Mtu hawezi kukusikiliza umeshamwita mjinga. Hiyo hofu ya bundi ipo sehemu nyingi sana duniani, Asia, Afrika, nchi za Kiarabu, na haijaondoka kwa kubishana, imeondoka kidogo kidogo pale watu walipoona bundi anawafanyia nini.

Njia ninayoipenda mimi ni ya vidonge. Bundi anameza panya mzima, halafu yale manyoya na mifupa isiyosagika anayatapika kama kidonge kikavu. Okoteni vile vilivyo chini ya mti wake, muvae glavu, mvipasue mbele ya watu kwa kijiti, mafuvu ya panya yanatoka moja baada ya jingine. Mkulima aliyeliwa nafaka yake akiona fuvu la tatu na la nne kwenye kidonge kimoja hahitaji hotuba. Jozi moja ya hao bundi weupe ikiwa na vifaranga inaweza kumaliza panya zaidi ya elfu moja kwa mwaka.

Israeli walianza kuweka masanduku ya bundi mashambani mwaka 1983 ili wapunguze sumu ya panya, na baadaye wakulima wa Jordan na Wapalestina wakaingia kwenye kazi hiyo hiyo, na huko pia bundi alikuwa anahesabiwa mkosi. Kilichowabadilisha wakulima ni shamba lenyewe.

Ila kuna sharti moja, na hili mlisimamie bila aibu: huwezi kumkaribisha bundi huku unaweka sumu ya panya. Zile sumu za kuzuia damu isigande hazimuui panya papo hapo, anatembea siku kadhaa amelewa, ndo rahisi kukamatwa, na sumu inahamia kwa bundi. Anayeweka sanduku na sumu shamba moja anawaua anaowaalika.

Swali: Kijiji chetu kinategea ndege wanaopita kwa makundi kila mwaka na kinauza. Sisi vijana wachache tunaopinga tunaonekana wasaliti. Kuna mahali popote hali kama hii ilibadilika?

Ipo, na naomba niieleze kwa kirefu kwa sababu mimi ikinijia tu moyo unanipanda.

Kuna ndege anaitwa kozi wa Amur. Ni mdogo, hafiki gramu 200. Anazaliwa Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, na kila mwaka anaruka hadi kusini mwa Afrika na kurudi. Njiani anasimama kaskazini mashariki mwa India, jimbo la Nagaland, anakula kumbikumbi ashibe, halafu anavuka India na Bahari ya Hindi bila kutua, zaidi ya kilomita 3,000 juu ya maji, ndo anafika Afrika. Wanaposimama Nagaland wanalala kwa makundi makubwa mno kando ya bwawa la Doyang, karibu na kijiji cha Pangti.

Oktoba 2012 watu wa uhifadhi walikuta nyavu za kuvulia zimetandazwa kwenye miti wanakolala, na makadirio yao yakawa kwamba kwa msimu ule waliuawa kati ya 120,000 na 140,000. Picha zikazunguka dunia nzima. Na hapo ingekuwa rahisi kupeleka polisi tu na kuwafanya wanakijiji wahalifu, watu wangejificha na nyavu zingeendelea usiku. Serikali iliingia ndio, lakini kazi kubwa ilifanywa na mabaraza ya vijiji yenyewe, makanisa, vijana, wanaharakati wa palepale, wakakaa na wategaji wakasikia hasara yao pia, maana kwa familia nyingine ile ilikuwa ada ya shule. Vijiji vikapitisha sheria zao wenyewe za faini. Mwaka uliofuata, 2013, hakutegwa hata mmoja. Mwaka mmoja tu! Wale waliokuwa wanatega wakaunda umoja wa kulinda eneo la kulala ndege, na ndege watatu wakafungwa vifaa vya satelaiti wakapewa majina ya Naga, Pangti na Wokha, majina ya watu na mahali pale, kijiji kikawa kinafuatilia ndege wake akivuka bahari.

Kwa hiyo jibu langu kwenu: msikae upande wa pili wa meza. Mtegaji ndo anajua ndege wanafika lini, wanalala mti gani, wanaondoka na upepo gani, hamna mtu mwenye ujuzi huo kwenye kikundi chenu. Mwiteni kama mjuzi. Na swali la kipato mlijadili wazi, msilikwepe, kwa sababu ukimwambia mtu aache hela bila kumuuliza atakula nini, yeye ndo mwenye haki ya kukasirika.

Swali: Tumbusi wamekufa wengi karibu na mzoga wa ng'ombe. Tunahisi ni sumu iliyotegewa fisi. Watu wa kujitolea kama sisi tunaweza kufanya nini?

Kwanza msiguse. Sio mzoga, sio ndege, wala msiuburute. Dawa za kuua wadudu kama kabofurani zinapita hata kwenye ngozi. Zuieni watoto, mbwa na mifugo, pigeni picha kwa mbali, wekeni alama ya eneo kwenye ramani ya simu, piga simu kwa askari wa wanyamapori haraka iwezekanavyo kwa sababu kila saa mzoga unapobaki wazi wanashuka wengine. Tumbusi wanaangaliana angani, mmoja akishuka wa mbali wanamfuata, ndo maana mzoga mmoja unaua kundi zima. Mwaka 2019 kaskazini mwa Botswana walikutwa tumbusi 537 wamekufa kwenye mizoga mitatu ya tembo iliyowekwa sumu. Mizoga mitatu tu. Majangili hufanya hivyo makusudi, kwa sababu tumbusi wakizunguka juu wanawaonyesha askari tembo alipouawa.

Na tumbusi hawezi kufidia haraka. Anataga yai moja kwa mwaka, mtoto anachukua karibu miaka mitano hadi kuweza kuzaa.

Kwenye sumu ya kutegea wanyama wakali, polisi peke yake hawatoshi. Anayetega ameliwa ng'ombe wake, ana hasira ya haki. Kikundi kinachosaidia kujenga zizi imara la usiku, uzio mrefu usiopenyeka, kinaokoa tumbusi wengi kuliko kikundi kinachoandika mabango. Mnyama asipoingia zizini hamna wa kulipiza kisasi.

Halafu kuna sumu isiyoonekana kama sumu. India, Pakistan na Nepali walipoteza karibu tumbusi wao wote kuanzia miaka ya 1990, aina moja ilipungua kwa zaidi ya asilimia 99, na watu walidhani ni ugonjwa. Mwaka 2004 ikajulikana ni diklofenaki, dawa ya maumivu waliyokuwa wanachomwa ng'ombe, ng'ombe akifa nayo mwilini tumbusi anayemla figo zinakufa. Mwaka 2006 nchi hizo zikaipiga marufuku kwa mifugo, na ipo dawa mbadala, meloksikamu, isiyowadhuru. Huko Nepali mwaka huohuo wa 2006 jamii ya wilaya ya Nawalparasi ikaanzisha mahali pa kulishia tumbusi: wanachukua ng'ombe wazee ambao hawana kazi tena, wanawatunza hadi wafe wenyewe, wanahakikisha hawana ile dawa, ndo mzoga unawekwa wazi. Hii mnaweza kuifanyia kazi kwenu: ongeeni na daktari wa mifugo na wenye maduka ya dawa, muulize wanauza nini. Ni mazungumzo tu, hayana gharama, na yanafaa kurudiwa maana wauzaji wanabadilika.

Swali: Sina darubini wala elimu ya ndege. Nikiandika nilichoona kuna mtu atakitumia?

Ndio, ukiandika kila mara na kwa namna ileile. Tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, ulikaa muda gani, umeona nini, wangapi. Na uandike pia siku uliyokaa saa nzima hukuona kitu, hiyo watu wanaiacha na ndo ya muhimu, bila hiyo hatujui kama ndege hawapo au mtu hakwenda. Usiyemjua usimpe jina la kubahatisha, andika "mkubwa, mkia wa panda, tumbo jeupe" inatosha.

Mfano wa nguvu ya daftari: Pennsylvania, Marekani, kuna mlima ambao wawindaji walikuwa wanapanda kupiga mwewe kwa burudani tu. Mwaka 1934 mwanamama Rosalie Edge akaukodi mlima wenyewe, akaweka mlinzi, na yule mlinzi akaanza kuhesabu wanaopita kila msimu. Miaka ikaenda. Hesabu zikaanza kuonyesha kwamba tai wachanga wanapungua, wakubwa wanapita lakini watoto hawapo. Mwandishi wa Marekani Rachel Carson alipoandika kuhusu DDT, sumu ya kuua wadudu, mwaka 1962 alizitumia hesabu zile, na mwaka 1972 DDT ikapigwa marufuku kwenye kilimo Marekani. Baadaye ikaeleweka kwamba ile sumu ilikuwa inafanya maganda ya mayai yawe membamba, mama akikaa juu ya yai linavunjika. Aliyekuwa anahesabu mlimani hakujua chochote kuhusu maganda, yeye alihesabu tu.

Swali: Tulikuwa wengi, sasa tumebaki wachache na wanaofanya kazi ni walewale. Tunavunjika moyo.

Poleni. Punguzeni kazi kabla hamjatafuta watu. Chagueni vitu viwili ambavyo hata mkiwa wanne mtavifanya mwaka mzima, mfano kuhesabu mara moja kwa mwezi na kung'oa magugu sehemu moja, mengine muyaweke pembeni bila kuona aibu. Siku iwe haibadiliki, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ni Jumamosi ya kwanza, asiyekuja leo anajua atawakuta wapi. Wapeni wapya kazi halisi siku ya kwanza, mtu akija akasimama masaa matatu anaangalia wazoefu hatarudi. Na msijenge kikundi juu ya mfadhili, nimeona vikundi vingi vikifa mradi ulipoisha, wakati daftari na kalamu vilikuwepo.

Na yale ya harakaharaka

*Tunaruhusiwa kurusha droni tuone kama kiota kina mayai?* Hapana. Tai anaiona droni kama adui, anaweza kuishambulia akajikata, au anaondoka mayai yanapoa. Na picha ya kiota msiposti ikiwa na lokesheni, wezi wa vifaranga nao wana simu.

*Nguzo ya umeme karibu na kwetu kila mara tunakuta tai amekufa chini.* Mabawa yake ni mapana, anagusa nyaya mbili kwa pamoja. Andikeni namba ya nguzo, tarehe na picha, mpeleke kwa shirika la umeme kwa maandishi, na kila kifo kingine mpeleke tena. Nyaya zinaweza kufunikwa au kutenganishwa kwenye nguzo hiyo moja, na ni vizuri kujua kwamba nguzo chache ndo huwa zinaua wengi.

*Kwenye tangi la maji la mifugo tumemkuta bundi amezama.* Inatokea sana, tumbusi nao, wanashuka kunywa au kuoga, kuta zinateleza, hawawezi kutoka. Wekeni ubao wenye mikwaruzo, usioteleza, au tawi nene, upande mmoja uguse ndani ya maji na mwingine utoke juu ya ukingo, mfunge usielee. Maji yakishuka, ncha ya ndani lazima iendelee kuyagusa, kwa hiyo mmoja wenu awe anapita kuukagua kila wiki.